Ganzi ya Vidole Isipuuzwe



Mvunaji wa waridi katika mashamba ya Naivasha hubana mkasi kutwa nzima, ua baada ya ua. Jioni husema vidole vimechoka. Kumbe misuli mingi inayokunja vidole haimo kiganjani. Imo kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Mtu akishika kigasha chake kwa mkono wa pili, kisha akafunga na kufungua ngumi, ataihisi ikicheza chini ya ngozi.

Misuli ya upande wa kiganja hukunja vidole. Ya upande wa nyuma huvinyoosha. Nguvu yake hufika vidoleni kupitia kano, kama waya unavyovuta breki ya baiskeli ili gurudumu lisimame.

Neva tatu kuu huongoza kazi hiyo. Ya radiali huwezesha kuinua kifundo na kunyoosha vidole. Ya alna hupita nyuma ya kiwiko. Ndiyo sababu anayejigonga hapo huhisi kama shoti ya umeme hadi kidole cha mwisho. Ya mediani huingia kiganjani kupitia njia nyembamba kifundoni, ikisongamana na kano 9. Njia hiyo ikivimba kwa kubana mkasi mfululizo, neva hukandamizwa.

Dalili yake ni ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Mtu huamka akikung'uta mkono. Humpata pia mkamua ng'ombe wa Njoro na fundi wa mbao mjini Nakuru. Wengi hudhani ni baridi, wakajichua na kurudi kazini. Ganzi ikiachwa muda mrefu, msuli ulio chini ya kidole gumba hunywea, na huenda nguvu isirudi tena.

Anayeona dalili hizi afike kituo cha afya mapema. Mwanzoni, kupumzisha mkono na kufunga kifundo usiku kikae kimenyooka huweza kutosha. Hali ikizidi, huenda upasuaji ukahitajika. Amweleze mhudumu kazi anayoifanya, na amwarifu mwajiri kwa maandishi, kwa kuwa sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2007 inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi.