Pimbi na Mijusi wa Miamba ya Mwanza

Msikilizaji, mwezi Machi, Ulaya inapoanza kuagana na theluji, Mwanza huwa inaingia masika. Mbayuwayu waliokuja huku kukwepa baridi hujiandaa kurudi kaskazini. Wenyeji wa miamba, wao, hawaendi popote.

Pa kuwatazama kwa urahisi ni Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, mwendo mfupi wa boti kutoka katikati ya jiji.

Wa kwanza ni pimbi. Umbo lake ni kama la sungura asiye na mkia, lakini ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Mwili wake hauwezi kudhibiti joto vizuri, hivyo asubuhi hutoka kwenye nyufa kuota jua. Mvua ikinyesha, hubaki ndani. Asiyemwona atafute michirizi myeupe juu ya mawe: ni mabaki ya mkojo, kwani kundi zima hutumia choo kimoja.

Jua likipanda, huja zamu ya mjusi ambaye wanasayansi humwita Agama mwanzae, kwa jina la Mwanza yenyewe. Dume ana kichwa na kifua chekundu, mwili wa buluu. Hupanda jiwe la juu na kutikisa kichwa, akiwaonya madume wenzake. Jike ni wa kahawia.

Anayekwenda kuwatazama afike mapema, avae viatu visivyoteleza na atulie. Asiwalishe wanyama, wala asiingize mkono kwenye nyufa. Nyoka nao hujificha humo.