Sahihi ya Mahudhurio Si Ridhaa: Wananchi na Ujenzi wa Gati la Abiria Kunduchi

Mada iliyowasilishwa kwenye warsha ya wadau wa usafiri wa majini, Dar es Salaam



Nimepewa mada kuhusu namna ya kupata uungaji mkono wa wananchi pale gati la boti za abiria linapokusudiwa kujengwa kwenye ufukwe wa pembezoni mwa jiji. Hadidu za rejea zinanitaka nianze na maana ya maneno, kisha hali ilivyo, kisha changamoto, kisha mapendekezo. Nitafuata utaratibu huo, ila sitagawa muda sawasawa. Mfano wangu ni Kunduchi, ufukwe wa kaskazini mwa jiji, kwa sababu pale mambo yote yanakutana mahali pamoja.

1.0 Maana ya maneno

Gati ni mahali chombo kinapofungwa ili abiria wapande na kushuka bila kukanyaga maji. Wadau ni wote wanaoguswa na mradi, wanaonufaika na wanaoumia. Ushirikishwaji ni kumpa mdau taarifa, kumsikiliza, kisha kumwonyesha alichosema kimebadilisha nini. Hilo la tatu ndilo huachwa, na karibu yote nitakayoyasema leo yanatoka hapo.

2.0 Haja ipo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wakazi wapya wengi wamefuata Barabara ya Bagamoyo: Mbezi Beach, Tegeta, Bunju. Kutoka Kunduchi mpaka Posta, katikati ya jiji, ni kama kilomita 20 tu, lakini asubuhi ya siku ya kazi, au mvua ikishajaza mito, hakuna anayeweza kumwambia mwajiri wake atafika saa ngapi. Wakati huohuo bahari iko ubavuni, na haina foleni.

Wakazi wa jiji hili hawahitaji kufundishwa kupanda kivuko. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016, na bado vivuko vya Magogoni vinajaa. Upande wa kaskazini nao umewahi kujaribiwa. Mwaka 2014 Serikali ilileta MV Dar es Salaam, boti ya abiria 300 iliyogharimu karibu shilingi bilioni 8, kwa safari za Dar es Salaam na Bagamoyo. Huduma haikudumu, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji kasi ya boti ile ikilinganishwa na mkataba. Sitaingia katika suala hilo. Nataja tu kwamba, kwa ninavyokumbuka, mjadala ule ulikuwa wa chombo, bei yake na mwendo wake. Fukwe za njiani, na watu wanaozitumia, hazikuzungumzwa sana.

3.0 Ufukwe wenyewe

Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Siku hizo bahari hujaa alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi mtumbwi uliokuwa ukielea umelala juu ya mchanga. Boti ya abiria wa kazini haiwezi kusubiri maji yarudi. Ama gati liende mbali mpaka penye kina, ama liwe na sehemu inayoelea, na pengine vyote viwili.

Kuna suala la mchanga. Tangu miaka ya 1970 Kunduchi imekuwa ikiliwa na bahari, na majengo ya iliyokuwa Hoteli ya Africana ni miongoni mwa yaliyobomoka. Wenye hoteli walijikinga kwa kujenga matuta ya mawe kuingia baharini. Mchanga ukajaa upande mmoja wa tuta, na upande wa pili ufukwe ukazidi kukatika. Kwa hesabu ya mwaka mzima mchanga wa pwani hii husukumwa kuelekea kaskazini, na upepo wa kusi ndio wenye nguvu ya kuusukuma. Mito ya Mbezi na Tegeta, iliyokuwa ikiuleta mchanga mpya, imechimbwa kwa ajili ya ujenzi miaka mingi. Gati la kifusi na mawe likijengwa hapo litafanya kazi ileile ya tuta, tena tuta refu kuliko yote. Gati la nguzo linaacha mchanga upite chini yake. Ni ghali zaidi, na ndiyo maana hukatwa kwenye bajeti wakati wananchi hawapo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60. Visiwa vya Mbudya, Pangavini, Bongoyo na Fungu Yasini vimehifadhiwa tangu mwaka 1975, na boti itapita jirani navyo. Haya wataalamu wenzangu watayaeleza vizuri zaidi.

4.0 Tatizo la karatasi ya mahudhurio

Naiomba radhi Kamati ya Maandalizi, maana sehemu hii ni ndefu kuliko nyingine.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika sura ya ushirikishwaji katika ripoti za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za miradi ya pwani. Sura hiyo husomwa haraka. Kinachokaguliwa kwa makini ni kiambatisho chake, yaani karatasi za mahudhurio. Mnazijua: namba, jina, mtaa, simu, sahihi. Juu pameandikwa jina la mradi na tarehe, basi. Karatasi inaanza kuzunguka kabla mtu hajasema neno, na aliyechelewa anafuatwa nayo pale alipokaa, kwa sababu posho ya nauli inalipwa kwa kuangalia sahihi. Baadaye karatasi ileile inafungwa nyuma ya ripoti, na ndani ya ripoti imeandikwa kwamba wananchi idadi fulani waliuafiki mradi. Ukihesabu mistari kwenye karatasi utaipata idadi hiyohiyo.

Nitoe mfano wa mkutano mmoja wa mradi mwingine wa ufukweni, si wa Kunduchi, ambao wahusika wake sitawataja. Mzee wa diko, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki, nahodha aliyekwisha kustaafu, alisimama akauliza ngazi ya gati itaishia wapi maji yakitoka, maana kwenye mchoro uliobandikwa ukutani bahari ilikuwa imejaa. Kisha akauliza mashua zinazotia nanga pale wakati wa kusi zitahamia wapi, kwa kuwa mahali palipochaguliwa ndipo penye kina na ndipo penye kinga ya upepo. Akamaliza kwa kusema kwamba asipojibiwa hayo mawili, yeye hakubali. Msemaji wa mradi alimshukuru na kusema hoja imechukuliwa. Nilipousoma muhtasari, maswali yale yalikuwa yamegeuka kuwa sentensi moja, kwamba wajumbe walichangia mada na kuupongeza mradi. Jina la mzee lilikuwamo kwenye orodha ya walioafiki, na sahihi yake mbele yake. Niliandika barua kuomba muhtasari urekebishwe. Nilijibiwa kwamba ripoti imeshawasilishwa.

Sisemi kwamba taasisi zetu zina nia mbaya. Fedha za mradi zina tarehe ya kuisha, mkaguzi anataka ushahidi anaoweza kuushika, na karatasi yenye sahihi hushikika. Nasema kwamba tumekubali kipimo kisichopima kitu. Tena hasara si ya mzee yule peke yake. Swali lake lilikuwa taarifa ya kihandisi, na mradi uliilipia kwa gharama za mkutano kisha ukaitupa.

Saa ya mkutano nayo ina neno. Mikutano yetu huitishwa saa nne asubuhi, saa ambayo ofisini ni nzuri. Siku ya bamvua, saa nne ndipo maji yametoka, na wanawake wanaochokoa pweza na kuokota kombe wako huko nje mpaka maji yaanze kurudi. Siku nyingine saa hiyo mnada dikoni bado haujaisha, na mama anayekaanga samaki hawezi kuacha moto. Wavuvi wa dagaa hukesha baharini usiku wa giza, na asubuhi wamelala. Wanaobaki na nafasi ya kuja ni wastaafu, mawakala wa viwanja, wajumbe wa serikali ya mtaa na vijana wa bodaboda, wote wadau halali. Lakini diko ni la wale wasiokuwepo.

Wapo pia wavuvi wa dago, wanaofika kwa msimu kutoka sehemu nyingine za pwani, wakajenga vibanda na kuvua miezi kadhaa. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wa mtaa, kwa hiyo hawamo. Daftari la mtaa haliwajui, ila gati likikata njia ya mashua watakuwa wa kwanza kuumia.

Na hata waliopo, kila mmoja ana ndiyo yake. Dereva wa bajaji anasema ndiyo kwa sababu ya abiria watakaoshuka. Mwenye nyumba ya ufukweni anasema ndiyo kwa usafiri wa haraka, hapana kwa maegesho mbele ya geti lake. Mwenye chombo anasema ndiyo iwapo mafuta na barafu vitauzwa karibu. Mkaanga samaki anasema ndiyo iwapo hatafukuzwa siku ya uzinduzi kwa jina la usafi. Wananchi wanaunga mkono gati. Hilo nimelisikia Kunduchi, na nimelisikia fukwe jirani za Ununio na Mbweni, na ninaliamini. Ila uungaji mkono wao una masharti, na kwenye karatasi ya mahudhurio masharti hayana safu. Mkandarasi akishaingia na michoro ikabadilika, nguzo zikawa kifusi, ngazi ikafupishwa, hakuna hati yoyote inayompa mwananchi haki ya kusema kwamba hiki sicho nilichokikubali. Hapo ndipo mradi unapoitwa wa serikali na wananchi wanapoitwa wakorofi.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, karatasi ya mahudhurio ibaki kuwa ya mahudhurio. Juu yake yaandikwe kwa herufi kubwa maneno haya: SAHIHI HII INATHIBITISHA KUHUDHURIA TU. Gharama yake ni wino.

Pili, iwepo hati ya pili, ya masharti ya wananchi. Ieleze kundi gani linakubali nini na kwa sharti gani, iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, na nakala ibaki ofisi ya mtaa na ofisi ya uongozi wa diko.

Tatu, hati hiyo iwe sehemu ya mkataba wa mkandarasi. Ikibaki kuwa kiambatisho cha ripoti, haimfungi mtu. Mchoro ukibadilika kwa jambo lililomo kwenye hati, wenye mradi warudi kwanza kwa waliolikubali. Najua wanasheria wa taasisi watasita, na wana sababu zao za tahadhari. Naomba wakae na wahandisi watafute maneno yanayowezekana.

Nne, mikutano ipangwe kwa kalenda ya maji. Wavuvi wafuatwe siku za mbalamwezi, waokotaji kombe siku za maji mafu, yasiyotoka sana, wakaanga samaki jioni baada ya biashara, tena wafuatwe dikoni. Wavuvi wa dago wahesabiwe msimu wao, hata kama si wakazi.

Tano, mchoro uonyeshwe maji yakiwa yamejaa na maji yakiwa yametoka. Na kabla ya mchoro, vichomekwe vijiti vyenye bendera ufukweni na maboya baharini, mwezi mzima, kuonyesha gati litaanzia wapi na kuishia wapi. Nahodha hahitaji kusoma ramani kuona kwamba boya limekaa kwenye njia yake.

Sita, gati liwe la nguzo. Nimelisema kwenye sehemu ya tatu na ninalirudia kwa kuwa ndilo hupotea mwanzo. Ikiwa fedha hazitoshi gati la nguzo, usubiriwe mwaka wa fedha unaofuata.

Saba, usalama uwe jambo la wananchi pia. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Idadi ya abiria inadhibitiwa gatini, kabla chombo hakijang'oa nanga. Kwa hiyo upana wa sehemu ya kusubiria, geti la kuhesabia na nani mwenye mamlaka ya kulifunga viingie kwenye mazungumzo na wakazi tangu mwanzo.

Nane, nafasi za biashara gatini zitengwe kwa walioko dikoni sasa, majina yao yaandikwe kabla ya ujenzi. Vizimba vikigawiwa baada ya uzinduzi, mkaanga samaki hatakiona hata kimoja.

Tisa, posho ya nauli itenganishwe na sahihi. Ilipwe mtu anapotoka, kwa daftari jingine lisiloingia kwenye ripoti.

Kumi, muhtasari usomwe kwa sauti mbele ya waliohudhuria kabla haujawasilishwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Aliyesema hakubali akute imeandikwa kwamba hakubali, pamoja na sababu yake. Baraza nalo liombwe kurudisha ripoti yoyote inayodai kwamba wote waliafiki bila kutaja sharti hata moja. Katika ufukwe wenye wavuvi, hoteli, nyumba na soko la samaki, ripoti ya namna hiyo ina kasoro.

Kumi na moja, bajeti ya mradi iwe na fungu la kurudi kwa wananchi mara mbili baada ya ujenzi, kusi moja na kaskazi moja zikishapita, kwenda kuangalia mchanga umehama kuelekea wapi, ngazi inafika majini au haifiki, na mashua zinatia nanga wapi. Fungu hilo liwekwe kwenye kifungu chake pekee, lisije likahamishiwa kwenye uzinduzi.