Kuhesabu Watu na Kuwasikiliza

(Hotuba ya Kamati ya Jamii iliyosomwa Kabuga, Kigali)



Tumeombwa tuseme machache juu ya anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza watu pamoja na mila na desturi zao. Hapa Rwanda elimu hiyo ina historia nzito.

Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake, akidai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa watu wa asili ya kigeni. Wazungu waliomfuata walipima hata pua na vimo vya watu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji ikaandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho vya watu waliosema lugha moja na kuishi katika vilima vilevile. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo moja lilitosha kumwua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Baada ya hapo likaondolewa.

Lakini elimu hii ina sura nyingine. Mwaka 1985 hadi 1986 mtafiti Liisa Malkki aliishi Tanzania na wakimbizi Wahutu wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kambini Mishamo walimsimulia historia yao kama taifa moja lililo uhamishoni. Mjini Kigoma, wenzao wa nchi ileile walichanganyika na wenyeji, na wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi. Kitabu chake cha 1995 kinatuonyesha kwamba utambulisho wa watu haumo katika damu. Hutokana na maisha wanayoishi.

Sisi nasi tunaandikishwa: jina, umri, idadi ya watoto. Ni lazima, ili chakula kigawiwe kwa haki. Ila fomu haiulizi ni nani anayesuluhisha ugomvi wa ndoa, wala mahari italipwaje ikiwa ng'ombe walibaki Kongo. Mambo hayo yasipoulizwa, msaada mzuri huweza kuleta ugomvi nyumbani.

Ndugu wafanyakazi, kuuliza si ujinga. Waulizeni wazee, na akina mama waulizeni peke yao. Nanyi vijana, chukueni daftari mwandike maneno ya babu na bibi zenu wangali hai. Msingoje mgeni aje kutuambia sisi ni nani.