MAZUNGUMZO YA TAWI: ARUSHA INAWEZA KULIAMBIA NINI BUNGE LETU?

Kwa ambao hamkufika kikaoni Jumapili, haya ndiyo tuliyozungumza.

Tumezoea kuiona Jumuiya ya Afrika Mashariki kama mikutano ya marais. Lakini Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unasema, Kifungu cha 8, kwamba katika mambo ya kuutekeleza, vyombo na sheria za Jumuiya viko juu ya vile vya nchi vinavyofanana navyo. Nchi yetu ilikubali yenyewe, haikulazimishwa.

Kesi ya kuikumbuka ni ya Wakenya. Mwaka 2006 majina 9 ya wabunge wa Afrika Mashariki yalitoka kwenye vyama, yakapita kamati ya Bunge la Kenya, yakahesabiwa yamechaguliwa. Kura haikupigwa. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Mahakama ikazuia wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba ule haukuwa uchaguzi unaotakiwa na Kifungu cha 50.

Wakubwa hawakupenda. Desemba 2006, hukumu haijatoka bado, Mkataba ukarekebishwa: mahakama ikagawanywa ngazi 2, na sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji zikaongezwa. Baadaye mahakama hiyo hiyo ikasema wananchi walipaswa kushirikishwa, ingawa marekebisho haikuyafuta. Udhaifu tunauona hapo. Jaji anaamua, halafu anayetakiwa kutekeleza ni serikali ile ile iliyoshtakiwa.

Mama mmoja aliuliza: "Mimi mchuuzi tu, naweza kwenda?" Ndiyo, mama. Kifungu cha 30 kinamruhusu mkazi yeyote kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba, bila kuzimaliza kwanza mahakama za nyumbani. Ila ni ndani ya miezi 2, tangu kitendo kifanyike au tangu ulipojua. Hapo mahakama haina huruma, kwa hiyo msikae na malalamiko mkisubiri mkutano wa mwaka.

Na sisi wenyewe je? Majina ya wagombea wa Bunge hilo yakipangwa chamani, tawi linayasikia redioni. Tumekubaliana kumwandikia katibu wa kata tukiomba utaratibu wa mchujo utangazwe mapema. Rasimu ya barua tutaituma hapa Ijumaa. Mwenye nyongeza ampigie katibu wa tawi kabla ya Jumapili.