Mahali pa Kupigia Shabaha

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mchezo wa kupiga shabaha, yaani kulenga kwa bunduki karatasi au ubao wenye duara, si kwa vita wala kwa kuwinda, bali kwa kupima ustadi wa jicho na utulivu wa mkono. Mchezo huu wapendwa na watu wengi katika nchi nyingi. Lakini mpira ukipita goli huokotwa na watoto. Risasi ikiikosa shabaha hairudi. Kwa hiyo swali kubwa la mchezo huu si bunduki ipi iliyo bora, bali ni hili: watu wapige wapi?

Kwanza yatupasa kuijua nguvu ya risasi. Hata ile bunduki ndogo ya .22, ambayo asiyejua aweza kuidhania kuwa kitu cha kuchezea, risasi yake yaweza kwenda maili moja na nusu. Na risasi za bunduki kubwa hupita hapo. Mpigaji aiona shabaha yake yadi hamsini mbele ya macho yake, walakini hamwoni msafiri aliye nyuma ya kichaka, mwisho wa bonde.

Waingereza walifundishwa jambo hili na ukuaji wa mji wao. Mwaka 1860 chama chao cha wapiga shabaha, kilichoundwa mwaka uliotangulia, kilifanya mashindano yake ya kwanza katika uwanda wa Wimbledon, karibu na London. Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyeyafungua: bunduki ilikazwa juu ya kiweko, naye akavuta kamba ya hariri, na risasi ikapiga karibu kabisa na kati ya shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 400. Watu wakawa wakikusanyika hapo kila mwaka. Lakini nyumba zilizidi kuusogelea uwanda, na bunduki nazo zilizidi kupeleka risasi mbali. Nyumba na risasi haviwezi kuwa majirani. Basi mwaka 1890 chama kilihamia Bisley, katika jimbo la Surrey, na mpaka leo huko ndiko makao ya mchezo. Mengi ya mashindano ya shabaha ya Olimpiki ya mwaka 1908 yalifanyika huko.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, maana nchi ile ni pana na ardhi ya umma ni nyingi. Idara moja tu ya serikali, iitwayo Bureau of Land Management, yaangalia eka kama milioni 245, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni halali kwa wapiga shabaha. Aghalabu hapana msimamizi. Mwenye bunduki huenda na gari lake mpaka jangwani, akapanga makopo yake, akapiga, akaondoka.

Uhuru huo ni mwema kwa mtu mwangalifu. Lakini wako wasioangalia. Wengine hupeleka masanduku na mitambo mibovu kuwa shabaha, kisha huacha takataka na vigae vya chupa vimetapakaa. Wengine hupiga miti na vibao vya njiani. Mwezi wa Aprili 2017, kusini ya mji wa Tucson katika Arizona, mtu mmoja alipiga shabaha iliyotiwa dawa ya kulipuka. Nyasi kavu zikashika moto, na moto ule ukala eka karibu 47,000. Mambo kama hayo yakitokea, majirani hulalamika, na mwisho mahali hufungwa, hata kwa wale wasiokosa neno. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Dawa yake ni nini? Si kuwaachia watu wapige po pote, wala si kuwafukuza kila mahali. Maana aliyefukuzwa hapa atakwenda kupiga kwa siri pale, pasipo tuta wala msimamizi. Dawa ni kutenga mahali pa salama na kupatunza. Wamarekani hutoza ushuru wa asilimia 11 juu ya bunduki ndefu na risasi, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha za ushuru huo hugawiwa majimbo kwa kutunza wanyama wa mwitu; baadaye sheria iliruhusu sehemu yake ijenge viwanja vya shabaha. Zamani jimbo lilipaswa kutoa robo ya gharama ya kiwanja. Mwezi wa Mei 2019 sheria mpya iliruhusu jimbo litoe sehemu moja tu katika kumi. Sheria nyingine ya mwaka huo huo yaagiza kwamba serikali ikitaka kufunga ardhi ya umma kwa wapigaji, ifunge eneo dogo kadiri iwezekanavyo, kwa muda mfupi, na watu watangaziwe na kusikizwa.

Na kiwanja chema ni cha namna gani? Nyuma ya shabaha pana tuta refu la udongo usio na mawe, maana risasi ikigonga jiwe huruka kando. Wapigaji wote husimama mstari mmoja na kuelekea upande mmoja. Bendera nyekundu hupandishwa wakati wa kupiga, wala mtu haendi mbele mpaka bunduki zote zimewekwa chini. Kila bunduki huhesabiwa kuwa ina risasi, mdomo wake hauelekezwi kwa mtu, na kidole hakigusi kifyatulio mpaka wakati wa kulenga. Tena risasi zilizozama katika tuta huchimbuliwa kwa kadiri ya muda, maana madini yake ni sumu, yaweza kuharibu udongo na maji.

Wasikilizaji wetu, kazi hiyo yataka fedha na subira, na wengi huiona mzigo. Walakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuta la udongo ni rahisi kuliko mazishi, na mahali palipotunzwa na wanaopatumia hapana jirani wa kuomba pafungwe.