Rangi ya Ngozi Haimpangii Mtu Tabia

Mtoto mwenye ualbino anasogeza kitabu hadi karibu kiguse pua. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake wanakimbilia mpira; yeye anabaki kivulini. Watu husema, “Hawa ndivyo walivyo, hawapendi michezo.” Si kweli, na maneno hayo yanaumiza.

Melanini ndiyo inayoipa ngozi rangi na kuikinga na miale ya jua. Jicho nalo huihitaji linapokua tumboni mwa mama. Ikiwa haba, kama ilivyo kwa mwenye ualbino, ngozi huungua upesi, macho hayaoni mbali vizuri, na mwanga mkali huyasumbua. Anachokikwepa mtoto huyu ni jua la saa sita. Mchezesheni jioni, mtamwona!

Na mapendeleo je, hutokana na rangi ya ngozi? Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere, wa kahawia na weupe. Wengi walimpenda mweupe. Ngozi zao hazikuwatuma. Ubaguzi uliowazunguka ulikuwa umeshawafundisha nani anastahili kupendwa. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma, utafiti wao ulitajwa katika uamuzi.

Walimu mnaotusikiliza, nawasihi: mkalisheni mtoto mwenye ualbino mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Andikeni kwa herufi kubwa, tena msome kwa sauti mnachoandika ubaoni. Wazazi, kofia pana na shati la mikono mirefu visikosekane.