Chuo cha Karibu au cha Mbali: Hesabu ya Nauli, Muda na Nafasi ya Kusoma
Mada kwa semina ya wazazi na walimu wa ushauri nasaha wa kidato cha sita



Tangu 2017 mhitimu wa kidato cha sita huomba nafasi moja kwa moja chuoni. Zamani maombi yalipita kwenye mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na mtoto akipelekwa mbali, mzazi alikuwa na wa kumlaumu. Siku hizi swali la aende mbali au abaki karibu tunalijibu wenyewe, sebuleni, na wengi wetu tunapima kwa kilomita. Mimi napendekeza tupime kwa saa anazobaki nazo za kusoma.

Mchukulie binti wa Mbagala aliyepata nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Machoni pa mzazi, huyu yuko nyumbani. Lakini ili awahi kipindi cha asubuhi inabidi aamke alfajiri, agombanie daladala, ashuke apande nyingine. Jioni foleni ni ile ile. Akifika, vyombo vinamsubiri, mdogo wake ana hesabu hazijafanywa, na mgeni amepewa kitanda chake. Hakuna aliyekusudia kumwonea, ila katika nyumba zetu mtu aliyekaa na daftari huonekana hana kazi, na akiwa wa kike ndiyo kabisa. Mwenzake aliyekwenda Dodoma, kilomita kama 450 kutoka Dar, akijaliwa kitanda hosteli huenda darasani kwa miguu. Sasa nani kati yao yuko karibu na chuo?

Nauli nayo tunaihesabu nusu. Ya basi la mkoani inatushtua kwa sababu hutoka kwa mkupuo, ingawa ni mara chache kwa mwaka. Ya daladala hatuioni, na hutoka kila siku ya masomo, pamoja na chakula cha mchana. Ziandikeni zote kwenye karatasi moja. Mkiandika, kumbukeni pia kwamba treni ya SGR iliyoanza safari mwaka 2024 imeisogeza Morogoro, yenye vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, karibu zaidi na Dar. Mbeya iko pale pale.

Msinielewe kwamba nawafukuza watoto nyumbani. Mzazi mmoja huniambia, "Mwalimu, wangu ameshazoea bweni." Bweni lina kengele, mpishi na matroni. Chuoni hakuna anayegonga mlango. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo hukadiriwa kwa siku, lakini haiingii kila asubuhi. Bumu, kama wanafunzi wanavyoiita fedha hiyo, huja kwa mafungu, na kijana ambaye hajawahi kupanga bajeti ya wiki atalimaliza mapema, aanze kupiga simu. Asiyepata mkopo ana hali nyingine kabisa. Kwake kodi ya geto na mlo vyote ni vya mzazi, na kubaki nyumbani si aibu, mradi familia ikubali kumpa meza na saa zake. Wenye mgonjwa wa kuuguza au kazi wasiyoweza kuiacha wana Chuo Kikuu Huria, chenye vituo mikoani.

Vyuo vyenyewe pia vinasogea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi na Kagera, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kinajenga Kigoma. Jambo jema, ila uliza kwanza pale patafundishwa nini. Anayetaka uhandisi asisomee biashara kwa kuwa chuo kiko vituo viwili kutoka kwenu.

Ombi langu kwa walimu ni la ratiba. Dirisha la maombi hufunguliwa matokeo yakishatoka, wakati ambapo baadhi ya vijana wako kambini JKT, na fomu inajazwa na mjomba kwenye stationari, akiulizwa na mhudumu, "Tuweke chuo gani?" Mazungumzo haya yafanyike Februari, siku ya kikao cha wazazi, mtoto akiwepo na karatasi ya hesabu ikiwa mezani.